Feni inavuma asubuhi, gari linachemsha foleni

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, otomatiki, injini ya 5A. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa mkoani, na kwa muda mrefu halikunisumbua zaidi ya oili na betri.

Shida ilianza jioni moja kwenye foleni ya Kimara. Mshale wa tempereta ulipanda hadi karibu na H, nikaliweka pembeni, likapoa, nikafika nyumbani. Fundi wa mtaani kwetu alisema swichi ya feni imekufa, akafunga nyingine ya mtumba. Nadhani hapo alipatia, kwa sababu tangu siku ile kila asubuhi nikiwasha gari feni inaanza kuvuma palepale, mpaka jirani anajua Mwalimu anatoka. Lakini foleni mshale uliendelea kupanda. Akabadilisha pampu ya maji. Akasafisha rejeta. Mwisho akatoa themostati, ile valvu inayodhibiti maji ya kwenda kwenye rejeta, akaitupa, akaniambia kwa nchi za joto haina kazi.

Baada ya hapo nilikwenda Morogoro msibani. Kuanzia Chalinze mshale ulilala chini kuliko nilivyozoea, nikashukuru Mungu nikajua limepona. Wakati wa kurudi, kufika foleni ya Kibamba likachemsha mpaka maji yakaruka chini ya boneti. Likanirudia tena baadaye nikitoka kazini.

Sasa fundi anasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, na kwa gari la umri huu kufungua hedi ni kupoteza hela, bora ninunue injini ya mtumba nimalizane nayo. Bei niliyotajiwa pamoja na ufundi inazidi mishahara yangu miwili.

Kuna mengine. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 12, sasa hata 8 hazifiki. Nikisimama kwenye taa za barabarani gari linatetemeka, hasa gia ikiwa kwenye D, ingawa plagi zote nne nilibadilisha. Nikikata kona kali kuingia getini kwangu kuna mlio wa ka-ka-ka upande wa mbele kulia. Vingine ni vizuri: dashibodi ni safi, taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja, hata ninapofungua swichi asubuhi. AC ilikufa zamani, hiyo siihesabu.

Niuze, ninunue injini, au kuna njia nyingine?

Mwalimu, Mbezi


JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Kwanza funga pochi. Injini usinunue, angalau kwa sasa, kwa sababu hakuna mtu aliyeipima hiyo uliyonayo. Katika barua yako nzima nimehesabu vitu vilivyobadilishwa, vilivyosafishwa na vilivyotupwa, lakini sijaona kipimo hata kimoja.

Umenisaidia sana, kuliko wengi wanaoniandikia "gari linachemsha, nifanye nini?" Wewe umeniambia linachemsha wapi, na wapi halichemshi. Foleni mshale unapanda. Barabara kuu unalala. Hapo tayari nusu ya kazi imeisha. Gari likikimbia, upepo wa barabara unapita kwenye rejeta bila kuhitaji msaada wa mtu. Likisimama, upepo huo haupo, na kilichobaki ni feni. Kwa hiyo gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likikimbia, mshukiwa wa kwanza ni feni na umeme wake. Rejeta iliyoziba ndani ingekusumbua zaidi kwenye mwendo mkali na milimani, injini inapofanya kazi nzito. Pampu ya maji iliyokufa nayo isingekuachia raha ya kutoka Chalinze hadi Morogoro ukiwa na mshale chini. Fundi wako alianza mahali sahihi, kwenye swichi ya feni, halafu akapaacha.

Utaniambia feni ni nzima, naisikia kila asubuhi. Mwalimu, hilo ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Kwa nini feni ya rejeta izunguke asubuhi, injini ikiwa ya baridi, maji yakiwa ya baridi? Haina cha kupooza. Na je, umewahi kuisikia ikivuma wakati uko Kimara na mshale umepanda? Hukuandika, ila nadhani jibu ni hapana.

Nikueleze inavyofanya kazi. Kwenye Corolla nyingi za miaka ile Toyota walipanga umeme wa feni kinyume na watu wanavyodhani. Injini ikiwa ya baridi, swichi ya feni imeunganisha, yaani inapitisha umeme kwenda bodi, chuma cha mwili wa gari. Umeme huo unavuta relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), na relei ikivutwa inaikata feni. Maji yakipata moto wa kama nyuzi 93, swichi inaachia, relei inaachia, na feni inazunguka. Waliifanya hivyo kwa sababu nzuri: waya wa swichi ukikatika au plagi yake ikichomoka, feni itazunguka muda wote na injini itakuwa salama. Magari mengine mengi yana swichi ya aina ya pili, ambayo ikiwa ya baridi imeachia na ikipata moto ndiyo inaunganisha. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa, na nati zake zikaingia bila kubishana.

Sasa chukua swichi ya aina ya pili uifunge kwenye Corolla yako. Asubuhi, maji ya baridi, swichi imeachia, relei haijavutwa, feni inavuma. Umefika Kimara, maji yamepata moto, swichi inaunganisha, relei inavutwa, feni inakatwa. Yaani feni yako inafanya kazi saa isiyohitajika na inalala saa inayohitajika. Nina hakika kubwa kwamba ndicho ulichofungiwa. Relei ikibadilishwa na isiyo yake inaweza kuleta kituko hichohicho, kwa hiyo tutapima zote mbili.

Kipimo chenyewe hakihitaji kompyuta. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua boneti. Mwambie mtu akufungulie swichi ya gari bila kupiga stata. Gari likiwa sawa, feni inapaswa kunyamaza. Ya kwako nategemea itazunguka. Tafuta swichi ya feni. Kwa kawaida iko jirani na nyumba ya themostati, na kama huifahamu fundi umeme atakuonyesha. Usiichanganye na sensa nyingine mbili za maji zilizo jirani: moja ni ya mshale wa dashibodi, nyingine ni ya kompyuta ya injini. Chomoa plagi ya swichi ya feni. Feni inapaswa kuzunguka. Kisha chukua kipande cha waya, gusisha ule waya wa plagi kwenye bodi. Kama plagi ina nyaya mbili, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Feni inapaswa kusimama.

Ikizunguka ulipochomoa na ikasimama ulipogusisha, relei na nyaya ni nzima, na swichi ndiyo ya aina nyingine. Ikifanya kinyume, ikasimama ulipochomoa na kuzunguka ulipogusisha, mkosaji ni relei. Chunga vidole, Mwalimu, na mtandio pia. Feni haina adabu, inaanza bila hodi.

Ukienda kununua swichi Gerezani au Ilala usiombe "swichi ya feni ya Corolla" halafu ukapokea chochote utakachopewa. Nenda na multimita, kile kipimo cha umeme, au mwombe muuza spea akupimie, wengi wanayo. Swichi ikiwa ya baridi mkononi, multimita ikilia kati ya pini na bodi ya swichi (au kati ya pini mbili, kama ni ya pini mbili), hiyo ndiyo. Ikinyamaza, mrudishie. Ukitaka kuhakikisha zaidi nyumbani, itumbukize kichwa chake kwenye maji yanayochemka: mlio unapaswa kukatika. Kwenu Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kipimo kinatosha. Wasomaji wangu wa Mbeya wasitegemee hili sana, maana juu kule maji yanachemka kwenye kama nyuzi 94, na swichi iliyochelewa kidogo itaonekana mbovu bure.

Nitaongeza neno kwa wenye tatizo kama hili ambao feni yao haizunguki kabisa, baridi wala moto. Anzeni na fyuzi kubwa ya feni, mara nyingi imeandikwa RDI FAN, ni ya ampea 30. Kisha ipeni feni umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili. Ikizunguka kwa nguvu, feni ni nzima. Ikigoma, igongeni kidogo kwenye mota kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, kaboni zake zimeisha, na fundi wa kusuka mota anaweza kuzibadilisha bila ninyi kununua feni nzima.

Najua fundi wako akisoma hapa atasema, "Basi tuipige dairekti." Sipendi dairekti, yaani feni kuunganishwa moja kwa moja bila kupitia swichi yake. Kwa dharura, ukiwa njiani na watoto ndani ya gari, sawa. Lakini feni inayozunguka kuanzia swichi inapofunguliwa hadi inapofungwa inamaliza kaboni zake, inaitwisha alteneta mzigo usio wa lazima, na inaichelewesha injini kupata moto. Zaidi ya hayo, nimeona dairekti nyingi ambazo nyaya zimegeuzwa, feni inasukuma hewa kwenda mbele badala ya kuivuta ndani. Gari likitembea, upepo wa barabara na upepo wa feni vinapambana. Kujua ni rahisi: weka karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka. Inapaswa kunasa pale, isirushwe.

Tuje kwenye themostati, ambayo imeniuma kuliko vyote. Kauli kwamba nchi za joto hazihitaji themostati imesambaa gereji nyingi. Themostati haijali nje kuna joto la Dar au baridi ya Makambako. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 hadi 84, kisha kufunguka kadiri joto linavyopanda, ili injini ikae kwenye joto lake la kazi. Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana mshale ulilala ulipokuwa unakwenda Morogoro. Ukafurahi, lakini ile ilikuwa dalili ya ugonjwa wa pili.

Na hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Wenye magari ya kabureta wanakumbuka choki: asubuhi unavuta, injini inapewa petroli nyingi mpaka ipate moto, unairudisha. Gari lako halina kamba ya choki, kompyuta inafanya kazi hiyo yenyewe kwa kusoma sensa ya joto la maji. Kompyuta ikiambiwa maji bado ni ya baridi, inaongeza petroli. Wewe umeondoa themostati, na juu yake una feni inayopuliza rejeta asubuhi nzima. Injini inachukua muda mrefu mno kupata moto, na barabara kuu haipati kabisa. Muda wote huo choki imevutwa. Sishangai kilomita 12 zimekuwa 8. Oili nayo inaumia, kwa sababu petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuichanganyikia.

Nunua themostati mpya, ya nyuzi 82. Kabla haijafungwa, ipime jikoni kwako. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Maji ya baridi, iwe imefunga kabisa. Yakikaribia kuchemka utaona sahani yake ikianza kujisukuma, na yakichemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Zima jiko, yakipoa ijifunge tena. Isiyofanya hivyo irudishe dukani, hata kama boksi limeandikwa vizuri kiasi gani. Ikifungwa, kale kadude kanakochezacheza pembeni mwake kawe juu, ndipo hewa inapotokea wakati wa kujaza maji. Hewa iliyobaki ndani ya mfumo huwa inampandisha mtu mshale siku hiyohiyo, naye anarudi gereji kulalamika kwamba themostati ndiyo mbovu.

Mfuniko wa rejeta ubadilishe bila mjadala. Ni kitu cha bei ndogo kinachodharauliwa. Ule mfuniko unashikilia presha ya kama ba 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachemka karibu na 118. Springi yake ikichoka, maji yanaanza kuchemka na kutoka mapema, hata kama injini haijazidi joto. Usiufungue mfuniko gari likiwa la moto. Hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna anayeniandikia akiwa na bandeji. Na ndani usitie maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na hedi ya 5A ni ya alumini. Weka kulanti, dawa maalumu ya maji ya rejeta; kama huna iliyochanganywa tayari basi nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Ukikwama njiani tia maji yoyote yaliyopo, kisha yamwage ukifika.

Sasa gasketi. Siwezi kukuambia kwamba ni nzima, kwa sababu gari limechemsha mara mbili na hedi ya alumini ikichemsha inaweza kupinda. Ninachosema ni kwamba fundi wako naye hawezi kukuambia imeungua, mpaka aipime. Feni na themostati vikishakaa sawa, fanya hivi. Asubuhi, injini ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi juu, washa. Mwanzoni mapovu machache yatatoka, hiyo ni hewa. Yakiendelea kutoka mfululizo, na zaidi ukikanyaga mafuta, basi hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Siku nyingine, mfuniko ukiwa umefungwa, washa injini ya baridi na baada ya dakika moja shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umekakamaa wakati maji bado ni ya baridi, hiyo nayo ni dalili mbaya. Chomoa kijiti cha oili na fungua mfuniko wa oili: oili iliyoingia maji ina rangi ya chai ya maziwa. Angalia kama maji yanapungua bila kuvuja popote, na kama bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa ya moto.

Baada ya hapo mwambie fundi apime kompresheni, yaani presha ya ndani, ya silinda zote nne, na akuandikie namba kwenye karatasi. Zikaribiane. Toyota wanaruhusu tofauti ya kama psi 14 kati ya silinda na silinda. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja wakati nyingine ziko sawa, gasketi imeungua katikati yao. Na hata ikiwa imeungua, gasketi ni gasketi: hedi inafunguliwa, inapimwa kwa rula ya chuma na fila geji, ikizidi upindo wa milimita 0.05 inapelekwa kuskimiwa (kusawazishwa kwa mashine), inafungwa gasketi mpya. Kazi hiyo ni chini sana ya mishahara miwili. Injini ya mtumba utakayoletewa kwenye kirikuu hujui ilichemshwa mara ngapi huko ilikotoka, na ikifungwa kwenye gari lenye feni inayolala foleni, nayo itachemsha.

Umeniandikia kwa furaha kwamba taa ya injini haijawahi kuwaka, hata unapofungua swichi. Pole, Mwalimu. Ilipaswa kuwaka. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa za dashibodi zinajitokeza zote: oili, betri, injini. Injini ikishawaka ndipo zinazimika. Taa isiyojitokeza wakati huo imeungua balbu, au kuna mtu aliichomoa ili usiione. Simshutumu mwalimu mwenzako, pengine naye alilinunua hivyo. Lakini mwambie fundi umeme afungue dashibodi arudishe balbu. Kabla ya hapo tunabahatisha.

Taa ikirudi, gari lako litasema lenyewe. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kuna tundu la TE1 na tundu la E1. Mchoro uko nyuma ya kifuniko. Fundi umeme aziunganishe hizo mbili tu kwa waya, afungue swichi bila kuwasha injini, na muangalie taa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, kompyuta haina lawama. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Kwa ulaji wako wa mafuta hiyo ndiyo nisingeshangaa kuiona. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni ya vakyumu, 41 ni ya koo la hewa, pale hewa inapoingilia injini. Mkimaliza kurekebisha, chomoeni fyuzi ya EFI kwa muda mfupi ili kumbukumbu ifutike, kisha mpime tena. Vile vifaa vya kupimia vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi Corolla za Japani za miaka hiyo, usimlipe mtu kwa hilo.

Mtetemeko uache mpaka themostati irudi, kwa sababu injini inayokunywa petroli nyingi haiwezi kutulia. Ukibaki, chomoa zile plagi mpya uzisome. Zote nne zikiwa nyeusi kwa masizi, petroli bado ni nyingi. Moja tu ikiwa tofauti, tatizo liko kwenye silinda hiyo: waya wa plagi (ukipimwa usizidi kilo-omu 25), au injekta. Plagi ikitoka imelowa oili kwenye mwili wake wa nje, sili za mashimo ya plagi zimeisha, na oili inauvuruga umeme. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa injini hizi. Kama plagi zote ni safi, na mtetemeko upo kwenye D lakini ukiweka N unaisha, angalieni maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, na muoshe koo la hewa pamoja na valvu yake ya sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta. Injini ya moto ikae kwenye mizunguko 700 hadi 800. Usikubali mtu apandishe sailensi kwa kukaza skrubu ili kuficha mtetemeko, maana utalipia kwenye petroli kila siku.

Kuhusu kuuza: ukiuza leo utauza kwa bei ya gari lililokufa injini, na dalali atakayelinunua atabadilisha swichi ya feni. Pima kwanza, halafu uamue ukiwa na namba za kompresheni mkononi. Na ukiwa hapo muulize mwenye gari wa zamani mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Ni wa kilomita 100,000. Injini ya 5A ina bahati, kwa kawaida mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, ila utaachwa palepale ulipo, na ikiwa ni Kibamba usiku hutaiona hiyo bahati.

Ule mlio wa ka-ka-ka kwenye kona ni CV jointi ya nje, kiungo cha shafti inayozungusha tairi. Inama uangalie ule mpira wa mikunjo nyuma ya tairi la kulia. Nategemea utakuta umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Kwa kuwa jointi imeshaanza kulia, grisi mpya haitaiponya. Nunua jointi pamoja na mpira wake na klipu zake. Wakati gari liko juu ya jeki angalia na mpira wa kushoto, kama umepasuka na jointi bado haijalia, badilisha mpira peke yake mapema. Kwa sasa kata kona taratibu getini, na hiyo kazi iwe ya mwisho kwenye orodha yako, baada ya feni.